Shahada ya biokemia na bioteknolojia: unachosomea hasa ni nini

Anayejaza fomu ya kuomba chuo akiikuta shahada ya biokemia na bioteknolojia huwa na picha mojawapo kati ya mbili. Ama anaona darubini na seli, akadhani hii ni biolojia iliyopewa jina zito. Ama anaona watu wa makoti meupe wakihariri jeni, akadhani kwamba muhula wa pili naye atakuwa anahariri zake. Picha zote mbili zinapotosha. Miaka ya mwanzo ina kemia nyingi kuliko wengi wanavyotarajia, na mwaka wa mwisho una uhandisi mwingi kuliko wanavyotarajia. Wanaokwama mapema mara nyingi ni wale walioichagua kwa sababu waliipenda biolojia na kuikimbia kemia. Huku kemia haikimbiliki.

Swali la pili linalowatatiza watu ni kwa nini fani hizi mbili huunganishwa. Je, si moja ni ya nadharia na nyingine ni ya viwandani? Kwa maoni yangu zimeungana kwa sababu ya msingi kabisa: karibu kila kinachofanyika katika bioteknolojia, ukikifuatilia hadi chini, unakuta ni jambo la biokemia la mwaka wa kwanza au wa pili ambalo mtu fulani alilielewa vizuri. Badala ya kupita somo baada ya somo, nitaifuata protini moja, insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, kwa sababu imepita mikononi mwa karibu kila tawi la shahada hii.

Maswali mawili, kitu kimoja

Biokemia huuliza: hiki kinafanyaje kazi? Bioteknolojia huuliza: tukishajua, kinaweza kututengenezea nini, kwa kiasi gani, kwa usafi gani na kwa gharama gani?

Swali la kwanza lilipata mguu wa kusimamia mwaka 1897, Mjerumani Eduard Buchner aliposaga chachu, akaikamua, kisha akagundua kwamba yale majimaji yasiyo na seli hai hata moja bado yanageuza sukari kuwa pombe. Kabla ya hapo wanasayansi wakubwa waliamini kwamba uchachushaji hauwezekani bila uhai. Buchner alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1907, na tangu hapo shughuli za ndani ya seli zikawa kitu cha kupimwa ndani ya chupa. Swali la pili ni la kale zaidi kivitendo, maana binadamu wamechachusha vinywaji na kugandisha jibini kwa maelfu ya miaka bila kujua kinachoendelea. Ila bioteknolojia tunayoisomea leo ilianza mwaka 1973, kikundi cha Stanley Cohen na Herbert Boyer huko Marekani kilipokata jeni kutoka kiumbe kimoja, kikaiunganisha kwenye plasmidi, yaani duara dogo la DNA linaloishi ndani ya bakteria, na bakteria wakaizalisha kana kwamba ni yao.

Insulini ilizipita zama zote hizo. Ilipatikana Toronto mwaka 1921 katika kazi ya Frederick Banting na Charles Best. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa. Sindano ya kwanza haikufaa kwa sababu dawa ilikuwa chafu. Ni mwanabiokemia James Collip aliyeisafisha, na sindano zilizofuata zikashusha sukari ya kijana yule. Kwa hiyo tatizo la kwanza la insulini kama dawa lilikuwa la usafishaji wa protini, zoezi ambalo hadi leo mwanafunzi hulifanya maabara akiona ni la kuchosha tu. Katika miaka ya 1950 Frederick Sanger alionyesha mpangilio wake wote: asidi amino 51, yaani vijenzi vya protini, katika minyororo miwili, mmoja wa 21 na mwingine wa 30, iliyofungwa pamoja kwa vifungo vya salfa. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba protini ina mpangilio mmoja mahususi. Kabla ya Sanger hilo lilikuwa jambo la kubishaniwa. Nobel yake ya kwanza, ya mwaka 1958, ilitokana na kazi hiyo.

Kemia ya mwaka wa kwanza inaenda wapi

Mwaka wa kwanza kuna kemia ya jumla, kemia ya ogania, hisabati, fizikia kidogo, takwimu na biolojia ya seli. Malalamiko ni yaleyale: nimekuja kusoma jeni, mbona napewa milinganyo ya bafa, yaani mmumunyo unaozuia pH isibadilike ovyo?

Chukua hiyo bafa. Asidi amino kadhaa zina sehemu zinazoweza kupokea au kuachia ioni ya hidrojeni kutegemea pH ya mazingira. Kwa hiyo protini nzima hubeba chaji chanya pH ikiwa chini na chaji hasi pH ikiwa juu, na katikati kuna pH moja ambapo chanya na hasi zinalingana. Protini ikifika hapo, molekuli zake zinaacha kusukumana, zinaanza kushikana, na uwezo wake wa kuyeyuka unashuka. Kwa insulini ya binadamu nukta hiyo iko karibu na pH 5.4. Haya yote yamo katika mihadhara ya mwanzo kabisa, na wengi huyakariri usiku wa kuamkia mtihani kisha wakayasahau.

Sasa tazama walichokifanya waliotengeneza insulini glajini, iliyoidhinishwa mwaka 2000. Tatizo lao lilikuwa kwamba insulini ya kawaida huisha kazi mapema, na mgonjwa anahitaji kiwango kidogo cha kudumu usiku na mchana. Waliongeza asidi amino mbili za aina ya aginini mwishoni mwa mnyororo wa pili. Aginini hubeba chaji chanya, kwa hiyo ile nukta ya kulingana ikapanda hadi karibu na pH 6.7. Wakabadilisha pia asidi amino ya mwisho ya mnyororo wa kwanza, asparajini, wakaweka glaisini, kwa kuwa asparajini huharibika ikikaa kwenye asidi. Dawa huwekwa kwenye kichupa chenye pH 4, ambako imeyeyuka vizuri. Ikichomwa chini ya ngozi inakutana na pH ya mwili, karibu 7.4, jirani na ile nukta yake mpya, nayo inaganda kuwa chembe ndogondogo. Chembe hizo huyeyuka polepole na kuachia homoni kwa takriban saa 24. Hakuna kifaa cha ajabu hapo, wala mashine ya kuachia dawa kidogokidogo. Ni somo la pH, na mtu aliyelielewa kiasi cha kulitumia kinyumenyume.

Ndiyo maana huwa simwonei huruma sana mwanafunzi anayelalamikia bafa.

Kukariri na kuelewa

Mwaka wa pili unakuja umetaboli, yaani jumla ya mimenyuko ya kemikali inayoendesha seli. Hapa ndipo hofu ilipo. Kuvunja glukosi hadi pairuveti ni hatua kumi. Mzunguko wa Krebs una hatua nane. Kisha kuna mafuta, asidi amino, urea, na bango kubwa la ukutani lenye mishale inayomtia mtu kizunguzungu.

Bango hilo lisomwe kama ramani ya mabasi ya mji mkubwa: hakuna abiria anayekariri kila kituo, anachojua ni makutano yako wapi na njia ipi hufungwa lini. Katika hatua kumi za glukosi, tatu tu hazirudi nyuma katika hali ya kawaida ya seli, na hizo tatu ndizo zenye udhibiti. Ukijua vimeng'enya vyake vitatu (protini zinazoharakisha mimenyuko), ATP, ile sarafu ya nishati ya seli, inatumika wapi na inazalishwa wapi, na elektroni zinachukuliwa na nani, zilizobaki unaweza kuzijenga upya kwa kemia ya ogania ya mwaka wa kwanza. Wanaokariri kila jina bila mantiki hiyo hupata alama nzuri kwenye jaribio la kwanza na kupotea kabisa kwenye swali linaloanza na "eleza kitatokea nini iwapo...".

Kisa kidogo kwa wanaodhani elimu hii ilishuka ikiwa kamili: Hans Krebs alipouelezea mzunguko wake mwaka 1937, jarida la Nature lilimrudishia makala, naye akaichapisha kwingine. Nobel yake ilikuja mwaka 1953. Hata hesabu zilizomo vitabuni zimebadilika. Vitabu vya zamani vinasema glukosi moja iliyochomwa kikamilifu hutoa ATP 36 au 38. Vya sasa vinasema 30 au 32. Seli haijabadilika. Zamani walihesabu kwamba kila NADH, mbebaji wa elektroni ndani ya seli, hutoa ATP tatu kamili, wakati upimaji wa protoni (zile ioni za hidrojeni) zinazosukumwa kupita utando wa mitokondria unaonyesha ni karibu 2.5, kwa sababu ATP moja hugharimu protoni kama nne ukijumlisha na gharama ya kusafirisha malighafi. Mwanafunzi anayekutana na namba mbili tofauti kwenye vitabu viwili hana haja ya kuchanganyikiwa. Aulize tu kila namba ilipatikanaje.

Namba, kwa kweli, ndizo roho ya mwaka huu. Tuchukue mlinganyo wa Michaelis na Menten wa mwaka 1913, ambao kila mwanafunzi anaujua kwa sura na wachache wanautumia kufikiri. Unasema kwamba kasi ya kimeng'enya, kama sehemu ya kasi yake ya juu kabisa, ni ukolezi wa malighafi ugawanywe kwa jumla ya ukolezi huo na namba iitwayo Km. Km ndiyo ukolezi ambao kimeng'enya hufikia nusu ya kasi yake hiyo ya juu.

Mwilini kuna vimeng'enya viwili vinavyofanya kazi ileile ya kuibandikia glukosi fosfeti. Heksokinasi, iliyoenea katika tishu nyingi, tuipe Km ya milimoli 0.1 kwa lita. Glukokinasi, inayopatikana kwenye ini na kwenye seli beta za kongosho, hufikia nusu ya kasi karibu na milimoli 8. Sukari ya damu kabla ya kula ni karibu milimoli 5. Piga hesabu: heksokinasi inafanya kazi kwa 5 gawanya kwa 5.1, yaani asilimia 98. Sukari ikipanda hadi 10 baada ya mlo, inafika asilimia 99. Haijahisi chochote. Glukokinasi, kwa mlinganyo uleule, inatoka asilimia 38 hadi 56. Kila sukari inapopanda, yenyewe inaongeza kasi. (Mkunjo wake halisi umepinda kidogo kama herufi S, hivyo unahisi mabadiliko vizuri zaidi ya hesabu hii nyepesi.)

Seli beta ndizo zinazotoa insulini, na glukokinasi ndiyo kihisio chake cha sukari. Kimeng'enya chenye mshiko dhaifu kwa glukosi, ambacho kwa haraka ungekidharau, ndicho kinachouambia mwili kwamba umekula. Km sasa imekuwa maelezo ya kwa nini kongosho hujua muda wa kufanya kazi. Kama kuna saa moja ya shahada hii ningependa kila mwanafunzi asiikose, ni ile anayokaa na kalamu akazipata asilimia hizi mwenyewe.

Jeni ndani ya bakteria

Kwa miongo sita hivi insulini ilitoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1978 watafiti wa kampuni ya Genentech na kituo cha City of Hope, California, waliwafanya bakteria wa E. koli watengeneze ile ya binadamu, na mwaka 1982 ikaidhinishwa nchini Marekani kama dawa. Masimulizi mafupi husema "waliweka jeni ya binadamu ndani ya bakteria". Ukisoma biolojia ya molekuli unagundua kwamba sentensi hiyo imeruka sehemu tamu.

Jeni ya binadamu ikipachikwa ilivyo ndani ya bakteria haifui dafu. Imekatizwa na vipande visivyo na maelekezo ya protini, ambavyo seli zetu huviondoa kabla ya kuisoma. Bakteria hawana mtambo huo wa kuviondoa. Isitoshe, mwili wetu hutengeneza kwanza mnyororo mrefu mmoja, ukaukunja, kisha ukakata kipande cha katikati. Watafiti wale walikwepa yote mawili. Waliunda DNA kwa kemia, herufi baada ya herufi, wakijua mpangilio wa asidi amino kutokana na kazi iliyoanzishwa na Sanger, na wakaiunda katika vipande viwili, kila mnyororo na chake. Insulini ni ndogo na bakteria wangeimeng'enya upesi, kwa hiyo kila mnyororo uliunganishwa nyuma ya protini kubwa ya bakteria wenyewe ili kuulinda.

Sasa utaukataje mnyororo kutoka kwenye protini ile kubwa bila kuuharibu? Kuna kemikali, sianojeni bromidi, ambayo hukata protini penye asidi amino iitwayo methionini tu. Insulini ya binadamu haina methionini hata moja kati ya asidi amino zake 51. Wakaweka methionini moja kwenye kiungo, wakamwaga kemikali, na mnyororo ukaachia ukiwa mzima. Kisha minyororo miwili ikaunganishwa kwa vifungo vya salfa. Mbinu za viwandani zimebadilika tangu hapo, ila mfano huu ndio ningemwonyesha anayeuliza mwanabiokemia anahitajika wapi katika kazi ya jeni. Aliyejua kukata na kuunganisha DNA peke yake angekwama kwenye kiungo kile.

Maabara

Saa za maabara ni nyingi kuliko mihadhara katika baadhi ya mihula, na ndiko watu wanakojua kama wameoana na fani au la.

Ustadi wa kwanza ni mdogo na wa kudhalilisha: kushika pipeti. Kitufe cha pipeti kina vituo viwili. Unakibonyeza hadi kituo cha kwanza kabla ya kuvuta majimaji, na unafika cha pili wakati wa kuyatoa tu. Anayeanza hubonyeza hadi mwisho akiwa anavuta, anachukua zaidi ya alichokusudia, na matokeo yake yote ya siku yanapinda bila yeye kujua kwa nini. Unapofanya kazi na mikrolita mbili au tatu, tone linaloning'inia kwenye ncha ni kosa kubwa.

Baada ya hapo kuna usafishaji wa protini, lile zoezi la Collip. Siku hizi protini huongezewa mkia wa histidini sita. Bakteria hupasuliwa, takataka zikazungushwa kwenye sentrifuji hadi zitulie chini, kisha majimaji yakapitishwa kwenye safu ya chembechembe zilizobeba nikeli. Histidini hung'ang'ania nikeli. Protini nyingine zinapita. Kidogo cha kila hatua huwekwa pembeni ili mwishoni vyote vikimbizwe kwenye jeli kwa umeme. Hapo protini zinavikwa sabuni yenye chaji hasi zikatengana kwa ukubwa, na rangi ya samawati ikaonyesha kila moja ilipofika. Njia ya kwanza ya jeli, yenye kila kitu kilichokuwemo ndani ya bakteria, imejaa mistari kutoka juu hadi chini. Ya mwisho, mambo yakienda vizuri, ina mstari mmoja mnene.

Mwanafunzi hufurahi hapo. Lakini ripoti inadai jedwali. Tuseme alianza na miligramu 200 za protini zenye yuniti 400 za kazi (kipimo cha uwezo wa kimeng'enya), yaani yuniti 2 kwa kila miligramu. Mwishoni ana miligramu 5 zenye yuniti 200, yaani 40 kwa miligramu. Usafi umepanda mara ishirini. Na nusu ya kazi yote imepotea njiani. Mwanabiokemia ndani yake ataridhika, ana protini safi ya kuchunguza. Mwanabioteknolojia ndani yake hatalala hadi ajue nusu ile imebaki wapi: kwenye safu, kwenye takataka, au imeharibika ikisubiri mezani bila barafu. Kiwanda kikipoteza nusu, bei ya dawa inabeba hasara hiyo.

Maabara hufundisha pia kutokujiamini. Mbinu ya PCR, aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983, huzidisha kipande cha DNA kwa kupasha na kupoza mara kwa mara. Kila mzunguko unaongeza maradufu, na mizunguko 30 ikienda kikamilifu inatoa nakala zaidi ya bilioni moja kutoka kwa moja. Iliwezekana kuwa ya kila siku kwa sababu ya kimeng'enya kisichoharibiwa na joto, kutoka kwa bakteria Thermus aquaticus wa chemchemi za moto za Yellowstone. Kabla yake ilibidi kimeng'enya kipya kiongezwe kila mzunguko. Nguvu hiyo ya kuzidisha ndiyo hatari yake. Ndiyo maana kila jaribio huwa na kijaribio chenye maji tu badala ya DNA. Maji yakitoa mstari kwenye jeli, kuna uchafu umeingia, na matokeo mazuri ya vijaribio vingine vyote hayana thamani siku hiyo.

Kutoka chupa hadi tangi

Sehemu ya uhandisi ndiyo inayowashangaza zaidi waliokuja kwa ajili ya jeni. Bakteria wanaotoa protini vizuri kwenye chupa ya nusu lita wanaweza kugoma ndani ya tangi la lita elfu kumi, na jeni haijabadilika hata herufi.

Mkosaji wa kawaida ni oksijeni. Maji yenye joto la nyuzi 37, yakipulizwa hewa hadi yashibe, hubeba takriban miligramu 7 tu za oksijeni kwa lita. Bakteria waliosongamana wanaweza kuitumia yote kwa sekunde chache. Kwa hiyo tangi linaishi kwa oksijeni inayoingia kila sekunde, na kasi ya kuingia inategemea ukubwa wa mapovu, mwendo wa panga za kuchanganyia na umbo la tangi. Ukichanganya polepole, kuna pembe ambazo bakteria wanakosa hewa na kuanza kumwaga asidi. Ukichanganya kwa fujo, povu linapanda na umeme unaliwa. Joto nalo ni shida: tangi likikuzwa, ujazo unaongezeka haraka kuliko eneo la kuta zake, na joto la mamilioni ya mamilioni ya seli linakosa pa kutokea. Haya ni masomo ya usafirishaji wa maada na joto, yenye milinganyo, na ni vigumu kuyafuata ukiwa uliisahau hisabati ya mwaka wa kwanza.

Kisha inakuja kazi ya kutoa bidhaa ndani ya mchuzi ule, ambayo mara nyingi hugharimu kuliko ukuzaji wenyewe. E. koli ana sumu kwenye ukuta wake inayoleta homa hata kwa kiasi kidogo sana ikiingia kwenye damu, kwa hiyo dawa ya sindano lazima isafishwe hadi sumu hiyo ishuke chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Nyaraka za kuthibitisha usafi huo, kundi kwa kundi la dawa, ni kazi ya kudumu ya wahitimu wengi.

Kompyuta na ajira

Kompyuta haina budi. Kusoma mpangilio wa jeni, kuchora data, kupima kama tofauti uliyoiona ni ya kweli au ya bahati, vyote vinadai takwimu na angalau lugha moja ya programu. Mwaka 2020 programu ya AlphaFold ilionyesha kwamba inaweza kukisia umbo la protini nyingi kwa usahihi wa kushangaza kutokana na mpangilio wake wa asidi amino, na mwaka 2024 Nobel ya kemia ilikwenda kwa Demis Hassabis na John Jumper kwa kazi hiyo, pamoja na David Baker kwa usanifu wa protini mpya. Wapo wanaouliza kama bado kuna haja ya kujifunza mambo ya protini. Umbo lililokisiwa halikwambii Km, wala kama protini itaganda kwenye kichupa, wala kama bakteria wataikubali. Hayo bado hupimwa.

Kuhusu ajira, uwazi unahitajika. Shahada hii haimfanyi mtu kuwa daktari wala mfamasia, na katika nchi nyingi haimpi moja kwa moja leseni ya kupima wagonjwa katika maabara ya hospitali. Fani hizo zina mafunzo na usajili wake. Inafungua milango ya viwanda vya dawa na vyakula, udhibiti wa ubora, utengenezaji wa vipimo, kilimo, mazingira, na utafiti. Anayetaka kuongoza utafiti wake mwenyewe ajiandae kwa shahada ya uzamili na pengine ya uzamivu. Hilo lijulikane mwanzoni, kabla ya kukopa pesa za ada.

Vyuo navyo havifanani, hata jina la shahada likiwa moja. Soma orodha ya masomo kabla ya kusoma kipeperushi. Kama hakuna kemia ya fizikia, jua kwamba vimeng'enya vitafundishwa kwa maneno zaidi ya namba. Kama hakuna somo la uchakataji wa kibiolojia, neno bioteknolojia limebaki kwenye jeni tu. Uliza saa za maabara kwa wiki, na uliza wanafunzi wangapi wanatumia kifaa kimoja: watano wakizunguka pipeti moja, wanne wanatazama.

La muhimu kuliko yote kwangu ni mradi wa mwaka wa mwisho: upo, unachukua miezi mingapi, na mwanafunzi anapewa swali lake mwenyewe au anapewa kipande cha swali la mwingine? Mradi wa kawaida ni mdogo. Unabadilisha asidi amino moja ya kimeng'enya, unawapa bakteria jeni iliyobadilishwa, unasafisha protini, unapima Km na kulinganisha na ya awali. Mara nyingi protini iliyobadilishwa hukunjika vibaya na kuishia chini ya sentrifuji pamoja na takataka. Msimamizi mzuri atakutuma kuikimbiza takataka hiyo kwenye jeli, upate kujua kama protini haikutengenezwa kabisa au ilitengenezwa ikagoma kuyeyuka. Majibu hayo mawili yanaelekeza kwenye majaribio tofauti kabisa ya wiki inayofuata.